Tumbo Kujaa Maji: Vipimo vya Maabara Vinavyoonyesha Chanzo

Tumbo linapoanza kuvimba, wengi wetu huanza kutafuta sababu nyumbani. Mmoja atasema ni gesi, mwingine atasema ni pombe ya zamani, na mwingine atasema mgonjwa amerogwa. Wiki zinapita. Mshipi haufiki tena tundu lake la kawaida, miguu inaanza kufura, na vijiko vichache tu vya chakula vinamshibisha mtu. Anapofika hospitalini, tumbo limeshajaa lita kadhaa za maji.

Jambo la kwanza ambalo kila mkazi wa Kaunti ya Uasin Gishu anafaa kujua ni hili: maji tumboni si ugonjwa, ni dalili ya ugonjwa. Yanaweza kuletwa na ini, moyo, figo, kifua kikuu, saratani au kichocho. Baadhi ya magonjwa haya yanapona kabisa yakitibiwa mapema. Mengine hayaponi, lakini mgonjwa anaweza kuishi vizuri kwa miaka akipata dawa inayofaa. Kwa macho, tumbo la mmoja hufanana na la mwingine. Kinachowatofautisha ni vipimo, na kipimo muhimu kuliko vyote ni cha maji yenyewe.

Makala haya yanaeleza vipimo hivyo, ili wewe au jamaa yako mkiambiwa na daktari kwamba maji yatatolewa na kupimwa, mjue ni kwa nini.

MAJI HAYO HUTOKA WAPI

Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba unaofunika matumbo, ini na viungo vingine. Kwa kawaida utando huu huwa na unyevu kidogo tu. Maji hukusanyika kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni shinikizo. Damu yote inayotoka kwenye matumbo hupitia ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Ini likiwa na makovu, au moyo ukishindwa kusukuma damu, damu hiyo hukwama njiani. Mtaro wa shamba ukizibwa upande wa chini, maji hufurika kandokando. Vivyo hivyo, maji ya damu huvuja na kumwagika tumboni.

Njia ya pili ni utando wenyewe kuugua. Vijidudu vya kifua kikuu au seli za saratani zikiushambulia, utando hutoa maji mengi yenye protini.

Pia kuna wagonjwa ambao damu yao imepungukiwa na protini, kwa sababu figo zinaipoteza kwenye mkojo au kwa sababu ya utapiamlo mkali. Hao mara nyingi huvimba pia miguu na uso.

KABLA YA SINDANO

Daktari au afisa wa kliniki ataanza kwa maswali. Je, umekuwa ukitokwa na jasho usiku, ukikohoa au kupungua uzani? Je, unakunywa pombe, na kwa miaka mingapi? Umewahi kuishi au kufanya kazi kandokando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho kimeenea? Umekuwa ukitumia dawa gani, zikiwemo za miti shamba? Jibu ukweli. Maswali haya hayaulizwi ili kukuhukumu. Yanamwongoza daktari kuchagua vipimo.

Kisha huja picha ya altrasaundi, kwa sababu si kila tumbo kubwa lina maji. Kuna ujauzito, uvimbe wa mfuko wa mayai ya uzazi, au wengu uliovimba. Mgonjwa aliyetoka Baringo au Pokot Magharibi, kwa mfano, anaweza kuwa na kalaazar, ugonjwa unaofanya wengu ukue sana. Altrasaundi huonyesha pia sura ya ini na mahali salama pa kuingiza sindano.

Damu nayo hupimwa. Vipimo vya kawaida ni hesabu ya seli za damu, kazi ya ini na figo, kiwango cha albumini, kasi ya damu kuganda, homa ya ini aina ya B na C, na virusi vya Ukimwi. Mkojo hupimwa kama una protini. Anayeshukiwa kuwa na kichocho cha matumbo hutoa choo ili mayai ya minyoo yatafutwe kwa darubini.

Vipimo hivi husaidia sana, lakini peke yake havitoshi. Mtu anaweza kupatikana na homa ya ini aina ya B na bado maji yake yakawa yameletwa na kifua kikuu. Mlevi anaweza kupata saratani, na mtu asiyewahi kuonja pombe anaweza kuwa na ini lenye makovu. Ndiyo sababu kila mgonjwa anayeonekana kwa mara ya kwanza akiwa na maji tumboni anafaa kutolewa sampuli ya maji hayo ipimwe.

SINDANO NA HOFU YAKE

Wakazi wengi wamesikia kwamba mtu akitobolewa tumbo, siku zake zimekwisha. Wasiwasi huu una chanzo chake: mara nyingi wagonjwa hupelekwa hospitalini wakiwa wamechelewa sana, na wanapofariki, lawama huangukia sindano. Ukweli ni kwamba kutoa sampuli ni kazi ya dakika chache na hatari yake ni ndogo. Mtu mmoja kati ya mia anaweza kuvilia damu kwenye ngozi ya tumbo. Madhara makubwa, kama utumbo kutobolewa au damu kuvuja ndani, hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya elfu moja.

Mgonjwa huenda haja ndogo kwanza, kisha hulala chali. Mhudumu husafisha ngozi, hudunga dawa ya ganzi, halafu huingiza sindano, mara nyingi upande wa kushoto chini ya kitovu. Kwa vipimo, maji ya kujaza glasi ndogo yanatosha. Kama tumbo limejaa hadi mgonjwa anashindwa kupumua vizuri, maji zaidi yanaweza kutolewa siku hiyo hiyo ili apate nafuu. Yakizidi lita 5, daktari anaweza kuagiza albumini ya kuongezwa kwenye mshipa ili figo zisidhurike.

Hapa ndipo pa kuwa macho. Kupunguza maji bila kuyapima ni kuahirisha tatizo, kwa kuwa yatarudi na chanzo kitabaki hakijulikani. Mgonjwa au jamaa ana haki ya kuuliza: "Daktari, haya maji yanapelekwa maabara? Yatapimwa nini?"

VIPIMO VYA KWANZA VYA MAJI

Kipimo cha kwanza ni macho. Maji ya manjano hafifu na maangavu huonekana sana kwa wagonjwa wa ini. Maji yenye ukungu huashiria maambukizi. Maji yenye damu yanaweza kuashiria saratani, au sindano imegusa mshipa mdogo. Maji meupe kama maziwa yana mafuta, na hutokea njia za limfu zinapoharibika. Hata hivyo, rangi haitoshi kutoa uamuzi.

Kipimo cha pili ni hesabu ya seli, na ndicho cha dharura zaidi. Fundi wa maabara huhesabu seli nyeupe na kutazama ni za aina gani. Seli za aina ya neutrofili zikifika 250 au zaidi katika kila milimita moja ya ujazo, daktari huchukulia kwamba bakteria wameingia kwenye maji. Hali hii huwapata zaidi wagonjwa wa ini, wakati mwingine bila homa wala maumivu makali. Inaua haraka. Dawa ya kuua bakteria huanzishwa mara moja, bila kungoja majibu mengine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2014 uliwatazama wagonjwa wa aina hii na kukuta kwamba waliotolewa sampuli baada ya saa 12 kupita tangu kufika hospitalini walikuwa na hatari ya kufariki karibu mara tatu kuliko waliotolewa mapema. Kwa hiyo mgonjwa wa ini aliyelazwa akiwa na maji tumboni hupimwa maji hayo hata kama chanzo chake kinajulikana tayari.

Seli zinazoonekana zaidi zikiwa za aina ya limfosaiti, fikra huelekea kifua kikuu au saratani.

Kipimo cha tatu ni kuotesha bakteria. Maji huwekwa kwenye chupa maalumu za kuoteshea palepale kitandani, yakiwa bado freshi, kwa sababu bakteria huwa wachache na ni rahisi kukosekana. Majibu huchukua siku kadhaa, na husaidia kujua ni dawa gani itawaua.

KIPIMO KINACHOTENGANISHA NJIA MBILI

Albumini ni protini inayotengenezwa na ini. Maabara ikipima albumini ya damu na albumini ya maji ya tumbo, zote zikiwa zimechukuliwa siku moja, daktari huondoa ile ya maji kutoka kwa ile ya damu. Hesabu hii ndogo ya kutoa ndiyo inayoonyesha kama tatizo ni shinikizo au ni utando.

Tofauti ikiwa gramu 11 kwa lita au zaidi, maji yanaletwa na shinikizo: ini lenye makovu, moyo ulioshindwa, au kichocho kilichoharibu mishipa ya ini. Ikiwa chini ya gramu 11, fikra huelekea kifua kikuu cha tumbo, saratani iliyoenea kwenye utando, ugonjwa wa kongosho, au figo zinazopoteza protini.

Hesabu hii ilithibitishwa mwaka wa 1992, wakati daktari Bruce Runyon na wenzake nchini Marekani walipochapisha matokeo ya sampuli 901. Ilitenganisha maji ya shinikizo na yasiyo ya shinikizo kwa usahihi wa asilimia 97. Haihitaji mashine ya ajabu. Maabara yoyote inayopima albumini ya damu inaweza kupima na ya maji.

Chukua mfano wa majirani wawili wa mtaa wa Pioneer. Si watu halisi, ni mfano tu. Wote wana umri wa miaka 40, wote wamevimba tumbo kwa miezi miwili, na wote wamekonda mikono. Mtaani wote wanaambiwa ni ini.

Jirani wa kwanza ana albumini ya damu gramu 28 kwa lita na ya maji gramu 9. Tofauti ni 19. Hili ni shinikizo. Kipimo cha damu kinaonyesha homa ya ini aina ya B, na altrasaundi inaonyesha ini lililosinyaa. Anaanzishiwa dawa za kudhibiti virusi na za kupunguza maji, anapunguza chumvi, na anaacha pombe kabisa.

Jirani wa pili ana albumini ya damu gramu 31 na ya maji gramu 26. Tofauti ni 5. Hapa shinikizo si chanzo. Seli nyingi ni limfosaiti, na vipimo vinavyofuata vinaonyesha kifua kikuu cha tumbo. Anatibiwa kwa miezi 6 na kupona. Kama angepewa vidonge vya kupunguza maji peke yake kwa kudhaniwa kuwa na ugonjwa wa ini, kifua kikuu kingeendelea kumla ndani kwa ndani.

Baadhi ya wagonjwa huwa na magonjwa mawili kwa pamoja, kwa mfano ini lenye makovu na kifua kikuu. Kwao tofauti ya albumini inaweza kubaki juu. Kwa hivyo daktari hutazama majibu yote kwa pamoja.

Protini yote ya maji nayo hupimwa. Kama kuna shinikizo na protini iko gramu 25 kwa lita au zaidi, daktari huangalia moyo. Ikiwa chini ya hapo, ini ndilo hushukiwa zaidi.

KUTAFUTA KIFUA KIKUU

Wengi hudhani kifua kikuu ni ugonjwa wa mapafu tu. Kinaweza kushambulia tumbo hata kama mgonjwa hakohoi na picha ya kifua ni safi.

Kukipata kwenye maji ya tumbo ni kugumu. Darubini mara nyingi haioni kijidudu hata kimoja. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya kijidudu, ikisema kipo, jibu hilo ni la kuaminika. Ikisema hakipo, bado kinaweza kuwapo. Kuotesha kijidudu kunaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kipimo kinachosaidia sana ni cha kimeng'enya kiitwacho ADA. Kiwango kikizidi takriban yuniti 39 kwa lita, na dalili nyingine zikikubaliana, uwezekano wa kifua kikuu ni mkubwa. Pale jibu lisipopatikana, daktari wa upasuaji anaweza kuingiza kamera ndogo tumboni na kukata kipande cha utando kipimwe.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali. Kinachowakosesha wagonjwa uponyaji mara nyingi ni kuchelewa kujulikana wanaugua nini.

KUTAFUTA SARATANI

Maabara hutafuta seli za saratani kwenye maji kwa kuyazungusha kwa mashine, kupaka rangi na kutazama kwa darubini. Kipimo hiki huhitaji maji mengi kuliko vingine, angalau mililita 50, na kinaweza kurudiwa hadi mara tatu. Saratani ikiwa imefika kwenye utando, mara nyingi seli zake huonekana. Ikiwa iko kwenye ini peke yake, maji yanaweza kuonekana safi.

Akina mama wapewe tahadhari moja. Kuna kipimo cha damu kiitwacho CA-125, kinachotumiwa kufuatilia saratani ya mfuko wa mayai. Kiwango chake hupanda kwa karibu kila mtu mwenye maji tumboni, awe mwanamke au mwanamume, yakiwa ya ini, ya kifua kikuu au ya saratani. Wako wanawake waliopokea habari za saratani kwa sababu ya kipimo hiki, kumbe walikuwa na kifua kikuu kinachotibika. Ukiambiwa CA-125 iko juu, uliza kama maji yenyewe yamepimwa.

UKIAGIZWA KUPELEKA SAMPULI

Mara nyingine kituo hakina kipimo fulani, na jamaa huombwa kupeleka maji kwenye maabara nyingine. Zingatia haya:

- Hakikisha kila chupa ina jina la mgonjwa, tarehe na saa. Hakikisha pia fomu imeandikwa kwamba ni maji ya tumbo.
- Peleka moja kwa moja. Usipitie sokoni wala kuiacha hadi kesho. Seli huanza kuharibika baada ya saa chache.
- Usiiweke juani wala kwenye buti la gari lenye joto.
- Usimimine maji kwenye chupa ya soda au ya dawa. Tumia vyombo ulivyopewa tu.
- Hakikisha damu ya albumini imetolewa siku hiyo hiyo na maji.
- Chukua nakala ya majibu yote na uyahifadhi. Ukihamia hospitali nyingine, yatakuepusha kuanza upya.

UANZIE WAPI

Huna haja ya kungoja hadi tumbo likazike. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, au mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako akuelekeze. Kwa wakazi wa Pioneer na mitaa jirani, vipimo vya awali vya damu na mkojo vinaweza kuanzia kituo cha afya, na mgonjwa akapewa barua ya rufaa. Vipimo vya juu zaidi hufanywa katika hospitali kubwa, ikiwemo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa mjini Eldoret, ambayo ni hospitali ya kitaifa ya kiwango cha 6. Barua ya rufaa na nakala za majibu huharakisha kazi.

Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# kabla ya kuugua. Kusajiliwa ni bure.

NENDA HOSPITALINI MARA MOJA UKIONA

- homa au maumivu ya tumbo kwa mtu mwenye maji tumboni
- kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami
- kuchanganyikiwa, kusinzia kusiko kwa kawaida au kubadilika tabia
- kupungua sana kwa mkojo
- kushindwa kupumua ukiwa umelala
- macho kuwa ya manjano

Mgonjwa wa aina hii asipelekwe kwanza kwa mganga wala kusubiri siku ya kliniki. Usimpe pia dawa za maumivu kama dikilofenaki au ibuprofeni, kwani huharibu figo za mwenye ugonjwa wa ini.

MASWALI MATATU YA KUMUULIZA DAKTARI

Ukimsindikiza mgonjwa, usiondoke hospitalini kabla ya kujibiwa haya. Je, maji yamepimwa seli, na hesabu ni ngapi? Tofauti ya albumini ya damu na ya maji ni kiasi gani? Na kama si ini, je, kifua kikuu kimetafutwa?

Majibu ya maswali hayo yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Iweke pamoja na kadi ya mgonjwa, na uibebe kila anaporudi kliniki.